Kikombe cha Senje na Mbio za Kuogelea za Molo

Leo nimeanikwa. Si kuaibika, kuaibika nimezoea. Nimeanikwa kwenye skrini kubwa ya lori, mbele ya mheshimiwa na wageni kutoka nchi za watu, nikiwa nimelowa chepechepe na kofia ya kuogelea kichwani.

Wale mmeshanitumia ile video, asanteni, nimeiona. Nimeiona kuliko nyinyi wote. Wacha basi niwaeleze mwenyewe ilivyokuwa, kabla majirani zangu wa Kaptembwo hawajaanza kuongeza mamba. (Hakukuwa na mamba. Ni Molo. Mamba angeomba sweta.)

Mnamjua Kevo. Usiyemjua, huyo ni mtoto wa Senje Rosa, dada mdogo wa baba yangu. Kazi yake ni kusafisha kidimbwi cha kuogelea cha hoteli moja nje ya mji wa Nakuru. Jioni wageni wakishaondoka, yeye huingia majini akaenda na kurudi mpaka soja wa hoteli amfukuze. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Sasa kijana anaogelea hadi unajiuliza kama kweli tumezaliwa ukoo mmoja, maana sisi wengine hata mvua hutusumbua.

Leo kulikuwa na mashindano ya kimataifa ya kuogelea maji ya wazi, mbio za wanaume, kwenye bwawa la shamba moja kubwa huko juu Molo. Maji ya wazi maana yake hakuna vigae, hakuna ukuta wa kushika ukichoka, ni wewe na baridi na matope na boya unalozunguka. Ya kimataifa maana yake walikuwepo Waganda, Watanzania, Wanyarwanda, Mmisri mmoja, na Mswidi mmoja anayefanya kazi ya maua Naivasha. Watatu wa kwanza wanapelekwa kambi ya mazoezi ng'ambo, kila kitu kimelipwa. Yaani Kevo akiingia tatu bora, anaacha kusafisha maji ambayo watu wengine wanaogelea. Senje Rosa alikuwa ameshatangaza kanisani. Ameombewa mara nyingi hadi pasta akauliza kama tunaweza kuombea pia watu wengine.

Sasa, mimi niliingiaje hapo? Kwenye hizi mbio ndefu, muogeleaji anaruhusiwa mtu mmoja wa kumpa kinywaji. Huyo mtu anaitwa mlishaji. Anasimama kwenye jukwaa linaloelea, anashika mti mrefu wenye kikombe mwishoni, na muogeleaji akipita anachukua kikombe bila kugusa jukwaa, anakunywa akiwa chali, anatupa, anaendelea. Kevo alitaka rafiki yake wa hotelini. Lakini rafiki hakuwa na mti. Mimi ni fundi wa rangi. Nina mpini wa rola unaovutwa ukarefuka, ule wa kupakia dari.

"Nipe tu huo mpini," Kevo akaniambia.

"Mpini hauendi bila mimi."

"Barasa, si wewe hujui kuogelea?"

"Sijasema naogelea. Nalisha. Mpishi wa hoteli lazima awe mgeni?"

Akakubali. (Majibu yalikuja baadaye.)

Tulifika Molo asubuhi na ukungu ulikuwa haujaondoka. Waandaaji waliwapa waogeleaji kofia mbili mbili, moja ya kuvaa na moja ya akiba ikipasuka. Za Kenya, yaani za Kevo peke yake, zilikuwa kijani. Nikaomba ile ya akiba.

"Ya nini?" Kevo akauliza.

"Ndio unitambue pale jukwaani."

"Buda, nitakutambua na kitambi."

Nikaivaa hata hivyo. Ilinibana hadi nyusi zikapanda, lakini nilijipiga selfi na nikaweka hapa, mkaniandikia "kocha". Nilikuwa nimefurahi sana, sitaficha.

Mpini nikaufunga bendera ndogo ya Kenya. Nikapita kwenye ubao mpaka jukwaani, nikasimama na walishaji wenzangu. Jukwaa ni mapipa yamefungwa pamoja na mbao juu. Karibu yake ukingoni kuna kibao kimeandikwa HATARI, KINA KIREFU. (Rangi ya mafuta, koti moja tu, inabambuka. Kazi mbaya.) Nikaangalia maji. Mimi hupima vitu kwa rangi, ndiyo kazi yangu. Yale maji yalikuwa ya rangi ya chai iliyolala, huoni hata kidole. Nikajiambia hapa ukianguka wanakutafuta kwa wiki mbili.

Mbio zilitakiwa kuanza asubuhi. Mheshimiwa mgeni wa heshima naye alitakiwa kufika asubuhi. Mmezoea nyinyi. Alifika jua likiwa limeshachoka kumsubiri, amevaa jaketi nzito, skafu na glavu, akasimama mbele ya waogeleaji waliopangwa mstari wakiwa na vikaptura vya kuogelea tu, akasema hatachukua muda mrefu.

Akaanza na protokali. Akatambua machifu. Akatambua wazee wa mtaa. Akatambua akina mama. Akatambua wale ambao labda amewasahau. Skrini ile ya lori, iliyokodishwa ili watu waone mbio, ilikuwa ikionyesha uso wake tu, pua ikiwa kubwa kama mlango wa duka. Nikamwangalia yule Mmisri. Alikuwa amegeuka rangi, na hiyo rangi naijua, ni kijivu cha kuelekea bluu.

"Hawa vijana ni simba!" mheshimiwa akasema.

Simba walikuwa wanagonganisha meno mpaka unasikia.

Kisha akaahidi kujenga kidimbwi cha kuogelea Kaptembwo. Kaptembwo! Kwetu, ambako mfereji ukitoa maji watu hupigiana simu! Tulipiga makofi kwa nguvu ili amalize. Refa mkuu, mama mmoja mwembamba kutoka Tanzania mwenye filimbi shingoni, alikuwa ameangalia saa yake hadi nikafikiri imesimama. Mheshimiwa alipovuta pumzi ili aingie mambo ya siasa, yule mama akapuliza filimbi. Mbio zikaanza. Mimi nilimpenda hapo hapo.

Walitakiwa kuzunguka bwawa mizunguko mitano. Mzunguko wa kwanza hakuna aliyekunywa. Wa pili, Kevo akapita akiwa wa nne, nikanyoosha mpini na glasi ya plastiki yenye glukosi, akainyakua, akanywa, akatupa, akaenda. Safi! Sekunde chache tu! Mganda aliyesimama karibu nami, kocha anaitwa Okello, akanitikisia kichwa kwa heshima. Nikarekebisha kofia.

Shida ni kwamba Senje alikuwa anaangalia.

Senje Rosa alikuwa ukingoni na kapu lake. Ndani ya kapu kulikuwa na chupa ya uji wa wimbi, mzito, wa moto, uliochachushwa, kwa sababu Senje haamini kwamba mtu anaweza kuogelea kilomita tano akiwa na glukosi tumboni. Akaja kwenye ubao akinyata, akanipa chupa.

"Mpatie uji. Hiyo maji ya sukari itamwangusha."

"Senje, mwenyewe amesema glukosi."

"Nani alimzaa? Wewe ama glukosi?"

Nikamimina uji kwenye glasi ya plastiki. Uji ulikuwa wa moto kweli. Glasi ikalegea, ikajikunja, ikainama kando kama mlevi, na uji ukanimwagikia viatuni. Nikajaribu nyingine, ikawa hivyo hivyo. Ningerudi kwenye glukosi hapo, mambo yangeisha na saa hii ningekuwa nalala. Lakini Senje aliingiza mkono kwenye kapu na kutoa kikombe.

Nikakitambua mara moja. Ni kile cha kabati! Kile cheupe cha bati chenye maua mekundu, ambacho hutolewa tu pasta akija. Mimi nimekula kwa Senje tangu nikiwa mdogo na sijawahi kukinywea. Niliwahi kukigusa nikiwa darasa la nne, na kofi lile bado nalikumbuka.

"Senje, hawa watu wakimaliza kunywa hutupa."

"Hutupa?!"

"Si uliona."

Akafikiria. Akaangalia bwawa, akaangalia kikombe.

"Yangu haitupwi. Utaifunga."

Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, niliyesomeshwa na serikali mpaka kidato cha nne, nikatoa kwenye mfuko wa ovaroli waya laini wa mafundi, nikafunga sikio la kikombe kwenye mpini. Nikazungusha, nikakaza na koleo. Mnanijua, mimi kazi sifanyi nusu.

Okello alikuwa ananiangalia.

"Mzee," akasema polepole, "hiyo kikombe umefunga?"

"Ndio."

"Sasa atachukua aje?"

"Atakunywa ikiwa hapo hapo."

"Lakini huyu ako na speed. Atavuta."

"Boss," nikamwambia, "wewe hujui Senje wangu."

Mzunguko wa tatu Kevo akapita, akaona mvuke unatoka kwenye kikombe, akatikisa kichwa majini. Wa nne hivyo hivyo. Senje kutoka ukingoni: "Kunywa wewe! Kevin! Kunywa!" Kijana akaendelea. Alikuwa amepanda sasa, wa tatu, nyuma ya Mmisri na Mswidi, na Mganda wa Okello akimfuata kisiginoni. Nilikuwa nalia bila kujua. Nilipiga kelele hadi kofia ikaanza kupanda yenyewe.

Mzunguko wa mwisho akaja amechoka. Ungeona mikono ilivyokuwa mizito. Baridi ya Molo ilikuwa imemwingia hadi kwenye mifupa, na akageuza uso, akaona mvuke, akabadilisha njia kuja upande wangu. Alitaka uji! Senje akapiga vigelegele. Nikanyoosha mpini wote, nikainama, nikasimama kwenye ncha kabisa ya jukwaa.

Kevo akashika kikombe, akafanya wanavyofanya wote. Akavuta.

Kikombe hakikutoka. Akavuta tena, kwa nguvu.

Sasa hapa lazima mnielewe. Fundi wa rangi hafundishwi kuachilia mpini. Ukiwa juu ya ngazi na ukaachilia mpini, rola inaangukia sofa la mwenye nyumba, na hiyo siku umefanya kazi bure. Mikono yangu inajua jambo moja, nalo ni kushika. Kwa hivyo kikombe kilipovutwa, mpini ukaenda, na mpini ulipoenda, mimi nilikuwa mwishoni mwake.

Nikaingia na tumbo. Paaa!

Maji yalikuwa baridi mpaka nikasahau jina langu. Yakaniingia puani, masikioni, ndani ya ovaroli. Macho nikafumba. Nikapapasa nikapata kitu kigumu, nikakikumbatia kwa mikono yote miwili. Kilikuwa mguu wa Kevo.

"SENJEEEEE!"

Ndiyo. Nilimwita Senje. Sikumwita Mungu, wala msaada, wala polisi.

Kevo hakusimama. Kijana alikuwa wa tatu, asimame aende wapi? Akaendelea kupiga mikono akinivuta nyuma yake, na kila akigeuza uso kupumua ananirushia neno.

"Shusha..."

"NAKUFA!"

"...miguu..."

"NAKUFA, KEVO!"

"...wewe!"

"MPINI MPATIENI MAMA YANGU!"

Akanipiga teke la kifua, la haki kabisa, nikamwachilia. Nikaenda chini. Nikajua ndio basi, nikawaza jinsi mtakavyoandika hapa "pumzika salama fundi". Kisha magoti yangu yakagusa kitu laini. Matope. Nikaweka mguu. Nikaweka wa pili.

Nikasimama.

Maji yalinifika kiunoni.

Watu wote pale ukingoni walinikodolea macho, hata mheshimiwa. Mimi nimesimama katikati ya maji, kofia ya kijani kichwani, mpini mkononi (nilikuwa sijauachilia), bendera ya Kenya inadondosha maji juu ya kichwa changu, nikiwa kama mtu aliyetumwa kutwaa bwawa. Kisha mzee mmoja mwenye shamba jirani akasema kwa sauti ya kawaida, lakini kila mtu akasikia:

"Hapo ndio ng'ombe zangu hunywa maji."

Walicheka! Jamani, walicheka! Watanzania walicheka, Wanyarwanda wapole wale walicheka, soja aliyekuwa analinda choo alitoka kuja kuona. Nikageuka, nikatembea taratibu nikiwapa mgongo watu wote, hatua kwa hatua kwenye matope hadi jukwaani. Okello akaninyooshea mkono akanivuta juu. Hakusema "nilikuambia". Ningeshukuru kama angesema, maana alikuwa anatetemeka kwa kujizuia kucheka.

Lakini ngoja! Kevo! Kule mwisho, Mmisri alishamaliza, Mswidi naye, na Kevo na yule Mganda walikuwa wanakuja bega kwa bega. Nilisahau aibu yote. Nikapiga kelele na ovaroli linanitiririka. Kevo akagusa ubao wa mwisho kwanza, kwa kiganja tu. Wa tatu! Senje akalala kwenye nyasi akalia. Ng'ambo! Kijana wa Kaptembwo!

Hapo ndipo, nikiwa nimefunikwa shuka ya mtu, nikamkumbuka Shiro.

Shiro hupiga video za harusi pale mjini Nakuru, na leo alikuwa ameajiriwa kurusha droni. Skrini ilikuwa inaonyesha mheshimiwa tu, kwa hivyo nilijua hiyo picha yangu bado iko kwake peke yake. Nikamfuata nyuma ya lori.

"Sasa Shiro."

"Poa. Umekauka?"

"Hiyo kitu... umenishika?"

"Vizuri sana. Kutoka juu. Kuanzia ukianguka hadi ukitembea na bendera. Kazi safi."

"Tafadhali, futa."

"Mimi nililipwa kushoot. Sijalipwa kufuta."

"Studio yako," nikamwambia. "Nitakupakia rangi. Yote. Bure. Koti mbili."

Akaniangalia kutoka kofia hadi viatu. Akagusagusa kile kidude chake.

"Haya. Nimefuta."

Nilipumua. Nikajiambia Barasa, watu waliokuona ni wachache, wengine ni wa nchi za mbali, baada ya mwezi itakuwa imesahaulika. Nikarudi nikitabasamu. Nikakuta refa mkuu ameshika maikrofoni.

"Ndugu zangu, nasikitika kuwajulisha kwamba muogeleaji wa tatu, wa Kenya, ameondolewa katika matokeo. Mwamuzi aliyekuwa ndani ya boti amemwona akisimama na kutembea majini kuelekea jukwaani. Kanuni zetu ziko wazi. Kugusa chini na kusimama si kosa. Kutembea ni kosa."

Nilimsikia hadi mwisho na bado sikuelewa. Kisha nikaelewa. Boti lilikuwa mbali, upande ule mwingine. Mwamuzi aliona mgongo wa mtu, na kofia ya kijani, anatembea.

Kofia. Ya kijani.

Nikaishika kichwani. Nikamtazama Kevo. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, amefunikwa taulo, midomo myeusi kwa baridi, na alikuwa ananitazama mimi. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Alivua kofia yake akaikunja vizuri, mara mbili, akaiweka kando, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Na Senje Rosa, mtu asiyenyamaza hata kwenye maombi ya kimya, alikuwa anafunika kapu lake tu. Moyo wangu uliniuma leo, jamani. Huo utani mwingine wote weka kando.

Nikaenda mbele.

"Madam refa, huyo alikuwa anatembea ni mimi."

Yule mama akaniangalia kwa upole mwingi. Maikrofoni alikuwa bado ameishika karibu na mdomo.

"Ndugu yangu, wewe ni mlishaji wake. Ningetarajia useme hivyo. Mimi nilikuwa kule mwisho, na maneno ya watazamaji kanuni haziyapokei. Je, una ushahidi wowote?"

Ushahidi nilikuwa nao. Nilikuwa nimeufuta.

Nilikimbia nyuma ya lori na soksi zinalia chwap chwap. "Shiro! Niambie hujafuta!"

"Si nilikuambia nimefuta?"

Nikakaa chini. Kwenye matope. Sina hata nguvu ya kujitukana.

"Wewe, inuka," akasema. "Sikufuta."

"Hukufuta?!"

"Fundi wa rangi aniambie atakuja bure, tena koti mbili? Wale nimelipa hawajawahi kuja. Nilijua unadanganya, nikaweka."

Sijawahi kufurahia kudharauliwa namna hiyo. Ningemkumbatia kama nisingekuwa na matope.

Kwa hivyo mjue hili nyote mnaonitumia emoji za kucheka: hiyo video haikuvuja. Niliiomba mimi. Nilisimama mbele ya lori nikasema kwa mdomo wangu, "Iwekwe kwenye skrini." Shiro akachomeka waya. Uso wa mheshimiwa ukaondoka kwa mara ya kwanza leo, na tumbo langu likajaza nafasi yote.

Waliiona polepole, kwa sababu refa alitaka kuhesabu miguu. Nilianguka polepole. Niliukumbatia mguu wa Kevo polepole. Droni haishiki sauti, lakini mdomo wangu ulionekana wazi, na watu wote wa Molo wakasema pamoja: "Senjeeee!" Kisha nikasimama, maji kiunoni, nikapanda na bendera. Mheshimiwa alikuwa ametoka kwenye kiti chake, glavu mdomoni.

"Rudisha kidogo hapo nyuma," akasema.

Wakarudisha.

"Tena."

Miaka yote tumemchagua, sijawahi kumwona akifuatilia jambo lolote kwa makini hivyo.

"Ndugu," refa akaniuliza kwenye maikrofoni, "huyu anayetembea ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na muogeleaji wako ndiye huyu anayeendelea mbele, hajasimama?"

"Ndiye. Hakusimama hata kidogo."

"Na hapa ulipokuwa ukipiga kelele, ulikuwa unazama?"

"Ndio."

"Katika maji ya kiunoni?"

"Yalionekana marefu, madam. Hata kibao kimeandika."

Okello akainua mkono. Na simlaumu, kijana wake alikuwa wa nne. "Lakini huyu alishikana na mlishaji! Alisaidiwa!"

Refa akaangalia skrini, pale nilipokuwa nimening'inia kwenye kisigino cha Kevo, macho nimefumba.

"Bwana Okello, hapa hakuna aliyesaidiwa. Kijana alibebeshwa mzigo. Matokeo yanabaki yalivyokuwa. Kenya, nafasi ya tatu."

Sikumbuki kilichofuata vizuri. Kevo alinirukia na taulo lake, tukaanguka wote kwenye nyasi, na akaniambia sikioni, "Barasa, wewe ni mjinga sana," na sauti yake ilikuwa imejaa machozi. Okello akanipa mkono. Mheshimiwa akataka tupige picha naye, mimi katikati, kofia nisivue. Senje alinishika uso kwa mikono miwili.

"Mtoto wa kaka yangu. Leo umefanya kazi."

Nikalia kabisa. Sina aibu ya kulisema, nyingine yote mmeshaiona.

Kisha akapangusa macho na leso, akafungua kapu, akarudisha chupa ya uji, akatafuta chini, akatafuta kando, akainua kichwa.

"Na kikombe?"

Nikaangalia mpini. Bendera ilikuwepo. Waya ulikuwepo, umening'inia, umenyooka. Tukageuka wote watatu tukaangalia bwawa.

"Barasa," Senje akasema.

Hivi ninavyoandika niko nyumbani, miguu iko kwenye beseni ya maji moto. Kevo anajiandaa kwenda ng'ambo, na Senje ameshampigia pasta. Mimi kesho narudi Molo kupapasa matope ya ng'ombe, Senje anakuja kunisimamia, na Shiro ameniandikia akiuliza tunatoka saa ngapi kwa sababu droni imeshajaa chaji.

Kwa hivyo kesho mkisikia kutoka upande wa Molo mtu analia "Senje", msisumbuke. Kaeni tu. Maji ni ya kiunoni.